Bawabu Asiyesemezeka

Mabishano juu ya wahamiaji yamekuwa mengi siku hizi, na mabishano juu ya intaneti yamekuwa mengi zaidi, lakini ni nadra kuwaona wenye kubishana wakiyaleta mambo haya mawili mahali pamoja, kana kwamba mtu anayevuka mpaka ni kiumbe mmoja na mtu anayeshika simu ni kiumbe mwingine. Mimi, ambaye riziki yangu kwa muda mrefu imetoka katika kazi ya kuyahamisha madaftari ya karatasi na kuyatia katika kompyuta, nimekwisha kuamini kwamba hapana awezaye kutoa rai ya maana juu ya uhamiaji wa zama zetu pasina kwanza kukitazama kile kioo kidogo ambacho msafiri hulazimika kukigusa kwa kidole kabla hajaugusa mlango wa nchi yoyote. Rai yangu naiweka mbele mapema, ili msomaji asiyekubaliana nami ajue pa kuanzia kunipinga. Sikatai kwamba kila dola ina haki ya kuwa na mlango, na kuwa na bawabu mlangoni. Wala simo miongoni mwa wale wasemao kwamba milango yote ivunjwe. Ninachokikataa ni bawabu asiyesemezeka, yaani mtambo uliopewa idhini ya kusema “hapana” bila ya kuwekwa nyuma yake mtu mwenye jina na cheo anayewajibika kumsikiliza aliyekataliwa. Na la pili, ambalo ni ndugu wa hilo la kwanza, ni hati ya mtu kukaa kwa serikali peke yake, mwenyewe akawa hana kitu mkononi.

Wazee wetu wa pwani walisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi baina ya Lamu, Unguja na Maskati, na waliyemkuta bandarini alikuwa karani wa forodha, ambaye haja yake ilikuwa ushuru wa bidhaa kuliko nasaba ya abiria. Pasipoti kama tunavyoijua leo, kijitabu cha umbo moja kwa dunia nzima, ni zao la Vita Kuu ya Kwanza. Mkutano uliofanyika Paris mwaka 1920 chini ya Shirikisho la Mataifa ndio uliopanga sura yake. Kwetu Afrika Mashariki hati ya kumfunga mtu na mahali ilikuwa imekwisha kuja kwa jina jingine, kwani sheria ya mwaka 1915 katika Kenya ndiyo iliyozaa kipande, ambacho mwanamume Mwafrika alitakiwa kukichukua popote aendapo, na wengi wakakining’iniza shingoni ndani ya kikebe cha bati, kikiwa na alama za vidole vyake na habari za tajiri wake. Sizitaji habari hizi kwa kuyatamani ya kale. Karani wa kipande alikuwa mtumishi wa dhulma, na karani wa ubalozi aliyekuja baadaye aghalabu alikuwa mwenye kiburi, au mwenye kupenda mlungula. Lakini alikuwa na masikio. Mtu aliweza kumwambia kwamba jina limeandikwa vibaya, kwamba mtoto huyu ni wa dada marehemu, kwamba mwaka wa kuzaliwa ulikisiwa na mwalimu wa shule. Naye karani, akitaka, aliweza kusahihisha kwa kalamu papo hapo. Mashine haina “akitaka”.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi, ambao kila mwenye steshenari Dar es Salaam na kila mwenye saiba Mombasa anaujua kwa kuwa umemlipia kodi ya pango: bahati nasibu ya viza za Marekani, ambayo watu huiita Green Card. Sheria iliyoianzisha ilipitishwa mwaka 1990; viza zilizowekwa ni hadi 55,000 kwa mwaka; na tangu msimu wa mwaka 2003 maombi yakaacha kupokewa kwa posta, yakawa ya intaneti peke yake. Hebu tuingie dukani siku moja ya mwezi wa Oktoba, kama misimu hiyo ilivyokuwa. Shuka nyeupe imetundikwa ukutani kwa misumari miwili. Mwombaji anakalishwa juu ya stuli, anaambiwa avue miwani na asicheke. Picha inapigwa kwa simu, inakatwa iwe mraba wa nukta 600 kwa 600, kisha kijana wa dukani anaipunguza mpaka isizidi kilobaiti 240, maana ikizidi hapo tovuti haiipokei. Jina, tarehe, mji wa kuzaliwa, mke, watoto. Halafu linakuja swali ambalo mwombaji hana jibu lake, nalo ni la barua pepe. Hana. Kijana, wala si kwa nia mbaya, anaandika ya duka. Mwisho wa yote inatokea namba ya uthibitisho, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, na hiyo ndiyo itakayomjulisha baadaye kama ameshinda au hakushinda, kwa sababu mshindi haletewi barua nyumbani. Hujitafuta mwenyewe kwenye tovuti kwa namba hiyo, jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa. Na namba ikipotea, njia ya kuipata tena hupitia katika ile barua pepe, ambayo ni ya duka.

Tazama sasa mali iko kwa nani. Mwombaji ametoka na risiti, pengine hata hiyo hakupewa; duka limebaki na namba, na picha, na anwani. Akishinda, wa kwanza kujua ni dalali, na wapo madalali ambao humwita mshindi wakamtajia bei ya namba yake mwenyewe, au wakamletea mke asiyemjua ili aandikwe katika safari. Balozi za Marekani zimeonya juu ya mawakala wa namna hii, na maonyo yenyewe yamebandikwa kwenye tovuti, mahali ambapo mwombaji wetu hafiki. Haya yote hayatokani na ubaya wa fomu, ambayo kwa insafu ni nyepesi, na kwa miaka mingi ilikuwa ya bure; yanatokana na kwamba waliobuni fomu walimfikiria mtu mwenye kompyuta yake, barua pepe yake na Kiingereza chake, kisha wakaiweka mbele ya halaiki ya watu ambao baina yao na kioo hapana budi akae mtu wa tatu. Hata majina yetu hayakufikiriwa. Kwa watu wengi wa pwani mtoto huchukua jina la baba na la babu, wala hapana jina la ukoo linaloshuka kutoka kizazi hata kizazi, hivi kwamba mume, mke na watoto wawili huweza kuwa na “majina ya mwisho” matatu. Na mtambo unaosaka familia kwa jina la mwisho huwaona kuwa ni wageni waliokutana njiani.

Na mtambo wenyewe hukosea. Mwezi wa Mei mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kwamba kura ya msimu ule ilikuwa batili, kwani programu, badala ya kuchagua kwa kutawanya katika siku zote za maombi, iliwachukua kwa wingi walioomba siku mbili za mwanzo, kadiri ya 90 katika kila 100. Watu wapatao 22,000 waliokwisha kuambiwa kwamba wamechaguliwa wakaambiwa kwamba hawamo tena. Wengine walikwenda mahakamani wakashindwa. Kura ikapigwa upya mwezi wa Julai. Uamuzi ule sina neno nao, kwa kuwa kura isiyo sawa haifai kusimama. Ila msomaji aangalie kwamba kosa lile liligunduliwa na watu, likaelezwa na watu, likarekebishwa na watu, kwa sababu liliwapata maelfu kwa wakati mmoja na makelele yakawa makubwa. Kosa la mmoja mmoja, la tarehe iliyogeuzwa, la mwezi kuwekwa pahala pa siku kama Wamarekani waandikavyo, halina makelele. Mwenye kosa hilo husoma sentensi moja tu kwenye kioo, kwamba hakuchaguliwa, na hatajua aushi yake kama ni bahati au ni karani wa steshenari.

Ziko dhana ambazo huzisikia kila nikilisema jambo hili, na iliyo kubwa ni ile isemayo kwamba mashine haina upendeleo, kwani haimjui mtu rangi wala kabila. Uingereza ilitumia tangu mwaka 2015 programu iliyokuwa ikiwapanga waombaji viza katika mafungu matatu, jekundu, manjano na kijani, na uraia wa mwombaji ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyompeleka katika fungu. Aliyeangukia kijani faili lake lilipita kwa wepesi. Aliyeangukia jekundu lilitazamwa kwa shaka na kwa muda mrefu. Sasa fuata mzunguko wake. Watu wa nchi fulani hutiwa katika jekundu. Kwa kuwa wametiwa humo, hukataliwa kwa wingi zaidi. Kukataliwa kwao huandikwa katika hesabu. Na hesabu hiyo ndiyo inayotumika mwaka ufuatao kuonyesha kwamba watu wa nchi ile ni wa kushukiwa, basi wanastahili jekundu. Hapana ofisa hata mmoja aliyeketi akakusudia kuwadhulumu. Shaka ilijizaa yenyewe, ikakua, na kila ofisa aliyeikuta aliiona kuwa ni elimu, kwa kuwa imekuja katika umbo la tarakimu. Mashirika mawili ya kutetea haki yalipoipeleka kadhia hii mahakamani, serikali iliiacha programu mwezi wa Agosti mwaka 2020 kabla ya shauri kusikilizwa, na nadhani kuiacha kabla ya kusikilizwa ni jibu tosha.

Macho ya mashine nayo yana khitilafu zake. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha uchunguzi wa programu zilizokuwa zikiuzwa kwa kazi ya kutambua kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke. Wakakuta kwamba kwa wanaume weupe kosa halikuzidi moja katika 100, na kwa wanawake weusi, katika programu iliyo mbovu kuliko zote, lilipita 34 katika 100. Haya hayakubaki vitabuni. Kuanzia Januari 2023 mtu aliyeko Meksiko akitaka kuomba hifadhi katika mpaka wa Marekani kwa njia iliyokubaliwa alitakiwa kupanga miadi kwa programu ya simu iitwayo CBP One, ajipige picha ya uso nayo ikubaliwe. Na Wahaiti na Waafrika waliokuwa wakingoja huko walilalamika mara nyingi kwamba kamera haiwaoni, wakawa wanamulikana nyuso kwa taa za simu nyingine. Watu zaidi ya 900,000 walipata miadi kwa njia hiyo, kwa hiyo sitasema kwamba haikufaa kitu. Lakini tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa rais mpya, huduma ile ilifungwa na miadi yote iliyokuwa mbele ikafutwa kwa ujumbe mmoja. Serikali ina haki ya kubadili siasa yake; walakini katika zama za makarani, kuwafukuza watu maelfu waliokwisha kuitwa kwa tarehe na saa kungehitaji mtu wa kusimama mlangoni na kuwatazama usoni.

Dhana nyingine ni kwamba mtandao umeiua rushwa. Hapa sina budi kutenda haki, kwa kuwa ukweli wa dhana hii si haba. Mtu wa Kigoma au wa Lodwar ambaye zamani alipanda basi usiku kucha kwenda mji mkuu, akalala kwa jamaa, akaambiwa karani hayupo, arudi kesho, leo hujaza sehemu kubwa ya fomu yake ya pasipoti papo alipo na kulipa kwa simu, na kwa hilo serikali zetu zinastahiki shukrani. Kwa wageni nako, Tanzania imekuwa ikitoa viza kwa intaneti tangu mwaka 2018. Mlungula wa dirishani umepungua. Lakini haukufa, umehama. Pale ambapo kinachopatikana kwa intaneti si viza bali ni miadi ya kwenda kuiomba, kama ilivyo kwa nchi nyingi za Ulaya, nafasi hufunguliwa saa ambazo mtu wa kawaida hazijui, madalali wenye programu za kunyakua huzizoa kwa dakika chache, kisha mwombaji huuziwa kitu ambacho kwa asili hakina bei. Zamani mla rushwa alijulikana jina na mtaa. Huyu wa leo ni jina la uongo katika kundi la Telegram.

Wala wepesi wa mtambo si sawa na wepesi wa mlango. Kenya ilipotangaza kwamba kuanzia Januari 2024 viza imefutwa kwa watu wote, wageni wa nchi kadhaa za Afrika ambao awali hawakutakiwa viza walijikuta wanajaza fomu ya idhini na kulipa dola 30, yaani mlango uliokuwa wazi kwao ukawekwa komeo kwa jina la kufunguliwa. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 2025 Waafrika karibu wote wakasamehewa, isipokuwa raia wa Somalia na Libya. Nataja hili kwa sababu ni mfano wa kosa lililosahihishwa, na lilisahihishwa kwa kuwa waliolalamika walikuwa na serikali na mashirika ya ndege ya kuwasemea.

Nije kwenye lile la pili, la hati kukaa kwa serikali peke yake. Uingereza imeziondoa kadi za ukaaji walizokuwa wakichukua wahamiaji. Nyingi ziliandikwa kwamba mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2024, na badala yake mtu huwa na akaunti katika tovuti ya serikali, ambayo humpatia namba ya herufi na tarakimu tisa, yenye uhai wa siku 90, akampa mwajiri au mwenye nyumba, naye akaitia mtandaoni kuthibitisha kwamba mtu huyu ana ruhusa ya kukaa. Kwa kijana msomi ni neema, kwani hana kadi ya kupoteza. Kwa bibi Mbarawa wa Manchester aliyeletwa na wanawe wakati wa vita vya Somalia, ambaye lugha yake ni Chimiini, Kiswahili cha Barawa, na akaunti yake ilifunguliwa na mjukuu kwa barua pepe ya mjukuu na simu ya mjukuu, haki yake ya kukaa nchini inategemea mjukuu asibadili namba, na asigombane na mama yake.

Na Uingereza ndiyo nchi ambayo haikupasa kusahau. Watu wa visiwa vya Karibi walioingia kwa halali tangu meli ya Empire Windrush ilipotia nanga Tilbury mwezi wa Juni 1948, na waliowafuata katika miaka ya baadaye, walikuja kutakiwa uzeeni watoe ithibati ya haki yao. Kadi zao za kutua, ambazo kwa wengi zingeweza kuwa ithibati hiyo, Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa imezitupa mwaka 2010. Na fedheha ilipofumuka mwaka 2018 wapo waliokwisha kufukuzwa kazi, kunyimwa matibabu, na hata kutolewa nchini kwa makosa. Lau kila mmoja wao angalikuwa na nakala yake yenye muhuri, wizara isingaliweza kumwambia kwamba haijulikani aliingiaje. Watu wa fani yangu hupenda kusema kwamba kompyuta haipotezi kitu. Nimefanya kazi nazo vya kutosha kujua kwamba hupoteza, na kwamba hupoteza kwa utulivu, bila moshi wala majivu.

Lakini mahali ambapo mambo haya huwagusa Waswahili wengi zaidi si London wala Washington, bali ni Riyadh, Jeddah, Doha na Maskati. Saudi Arabia imeziweka kazi za nyumbani chini ya mtambo uitwao Musaned, ambao kwa asili ni jambo jema, kwani mkataba na mshahara huandikwa mahali pamoja panapoonekana. Na mwajiri hushughulikia habari za makaazi ya mfanyakazi wake kwa mtambo wa serikali uitwao Absher, akiwa amekaa sebuleni. Taabu iko katika swali la nani anashika nywila. Binti wa Kisauni au wa Tanga akitoka katika nyumba kwa sababu amepigwa, au hajalipwa miezi minne, mwajiri huweza kupeleka kwa simu taarifa ya kutoroka, ambayo wafanyakazi wote wa huko huiita hurubu, na tangu saa hiyo binti ndiye mkosaji mbele ya polisi, naye hajaulizwa neno. Mabadiliko ya mwezi wa Machi 2021 yaliwapa wafanyakazi wa makampuni ruhusa ya kuhama kazi na kutoka nchini kwa kujiombea wenyewe. Watumishi wa ndani, madereva wa nyumbani na watunza bustani hawakuingizwa. Kisha simu, safari hii ya binti mwenyewe, ndiyo inayomwokoa. Ujumbe wa sauti anaourekodi chooni kwa kunong’ona, ramani ya pale alipo anayoituma kwa dadaye, video inayofika Mombasa na kuzungushwa mpaka mbunge akaulizwa, haya yamewarudisha nyumbani watu ambao barua zisingewarudisha. Waajiri waovu wanalijua hili, ndiyo sababu kitu cha kwanza wanachomnyang’anya mtu baada ya pasipoti ni simu.

Kutokana na video za namna hiyo, na zile za kinyume chake, za mtu aliyesimama mbele ya gari lisilo lake Dubai, imezuka dhana kwamba mitandao ndiyo iwatoayo vijana makwao. Siikubali. Iwatoayo ni tofauti ya mshahara, ambayo ilikuwako kabla ya simu na itakuwako baada yake. Simu humwonyesha njia, na wakati mwingine humwonyesha njia ya uongo. Vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia waliojibu matangazo ya kazi za ofisini nchini Tailandi wakajikuta wamevushwa mto na kufungiwa katika majengo ya Myanmar, wakilazimishwa kuwatapeli watu wa nchi za mbali kwa mapenzi ya uongo mtandaoni, hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wasomi, na Kiingereza chao na ujuzi wao wa kompyuta ndivyo vilivyowafanya watakiwe. Basi wale wanaosema kwamba vijana wetu “wanaijua intaneti” kwa hiyo hawana haja ya kulindwa, wafikiri tena.

Juu ya ile desturi ya kuchungulia kurasa za mtu kabla ya kumpa viza, ambayo Marekani imeifanya ya lazima katika fomu zake tangu mwaka 2019 kwa kudai majina ya akaunti za miaka mitano nyuma, nitasema neno moja tu. Utani wa watani, wa Mnyamwezi kumwambia Mzaramo kwamba atamzika akiwa hai, ukisomwa na karani wa mbali kwa msaada wa programu ya kutafsiri, ni tishio la mauaji.

Dawa zipo, na nyingine hazihitaji hata sheria mpya. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu, na ya Tanzania ya mwaka 2022, zote mbili zina vifungu juu ya uamuzi unaotolewa na mtambo peke yake. Haki zimo humo, isipokuwa aliyekataliwa hajui kwamba zimo, na ofisi iliyomkataa haina dirisha la kuzipokea. Basi kila jibu la “hapana” litokalo kwenye kioo liandikwe jina la ofisi, na cheo cha mwenye kulijibia, na muda wa kupeleka hoja, kwa lugha ya anayelisoma. Nasi tuanze nyumbani, katika pasipoti na vibali vya ukaazi tunavyowapa Wakongo na Warundi, kabla hatujawanyooshea kidole Wazungu. Kila mwenye hati ya kimtandao apewe, akiomba, nakala ya karatasi yenye muhuri. Vijana wa steshenari wasipigwe marufuku, kama nilivyosikia wengine wakishauri, kwa kuwa ndio pekee waliokubali kukaa na mwombaji asiyesoma. Waandikishwe, watoe risiti, na wafungiwe duka wakipatikana wameshika namba ya mtu. Posta, ambayo barua zimeikimbia, ina majengo kila wilaya, na Kenya ina vituo vya serikali viitwavyo Huduma Centre. Huko awekwe karani wa kujaza fomu kwa bei iliyobandikwa ukutani, na kazi yake ya kwanza iwe kumfungulia mwombaji barua pepe iliyo yake. Ama mikataba yetu ya kazi na nchi za Ghuba, nisingeitia sahihi hata mmoja usiompa mtumishi wa ndani nywila yake mwenyewe, na usiosema kwamba taarifa ya hurubu haishiki mpaka mtuhumiwa ameulizwa, kwa Kiswahili, na mtu. Na ubalozi uwe na namba ya WhatsApp inayojibiwa saa sita ya usiku, maana hiyo ndiyo saa mtumishi wa ndani anayomaliza kazi.

Wenzangu wa fani husema kwamba kuweka watu nyuma ya mitambo ni ghali, na kwamba mitambo ililetwa ili kupunguza watu. Hoja hii ningeiheshimu kama mitambo ingekuwa ya bure. Viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, nazo hazirudishwi ijapokuwa mtu amekataliwa; anayekataliwa Nairobi au Dar es Salaam ameziacha dirishani pamoja na nauli na gharama za kutafsiri vyeti, na akiomba tena hulipa tena. Gharama ya kumsikiliza, kwa hiyo, imekwisha kulipwa, na aliyeilipa ni yeye.